Somo: Mmea wa GMO unavyotengenezwa, hatua kwa hatua

Wakuu, GMO ni kiumbe kilichobadilishwa jeni zake maabara. Tuanze kwa kufuta picha moja: hakuna anayedunga tunda sindano. Kazi hufanyika kwenye seli, mche wenyewe haujakuwepo. Tuchukue mahindi ya Bt, yale yasiyoliwa na viwavi fulani.

Hatua ya 1. Tafuta jeni, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini. Udongoni yumo bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis (ndiyo hiyo Bt), mwenye protini inayoua viwavi. Wakulima walimnyunyizia mimea kama dawa miaka mingi kabla ya GMO. Jeni ya protini hiyo ndiyo inayonakiliwa.

Hatua ya 2. Iandae. Jeni tupu haifanyi kitu. Huwekewa kipande cha kuiwasha mwanzoni na cha kuisimamisha mwishoni. Mara nyingi huambatanishwa na jeni ya utambulisho, mfano ya kustahimili antibayotiki. Umuhimu wake mtauona hatua ya 4.

Hatua ya 3. Iingize. Hapa ndipo ninapopapenda. Kuna bakteria mwingine, Agrobacterium, ambaye kwa asili yake huingiza kipande cha DNA yake ndani ya seli za mmea na kuufanya uote uvimbe. Kwa maneno mengine, ufundi huu ulikuwepo udongoni kabla ya maabara. Wataalamu humnyang'anya jeni za uvimbe, wakampakia wanayoitaka, wakamwacha aendelee na kazi yake. Wengine hutumia bunduki ya jeni, inayorusha chembe ndogo mno za dhahabu zilizopakwa DNA.

Hatua ya 4. Chuja. Seli nyingi hazipokei kitu. Zote huwekwa kwenye antibayotiki. Zinazosalia ndizo zilizopokea. Hizo hukuzwa kwa homoni hadi ziwe miche.

Hatua ya 5. Pima, tena kwa miaka: jeni imetua wapi, protini ni kiasi gani, ina sumu au mzio? Miche mingi huishia kutupwa.

MASWALI

Swali: Mkuu, kiwavi anakufa, mimi nitaponaje?
Jibu: Protini ile hufanya kazi kwenye utumbo wa kiwavi, wenye hali ya alkali, na lazima ishike vipokezi maalumu. Tumbo lako lina asidi, na vipokezi hivyo huna.

Swali: Basi GMO zote ni salama?
Jibu: Sijasema hivyo. Soya moja iliwekewa jeni ya kokwa ya Brazili. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1996 vikaonyesha mzio umehamia kwenye soya. Mradi ukaachwa kabla ya kufika sokoni. Kila zao lipimwe kivyake. Kwa yaliyokwisha kuuzwa, Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti mwaka 2016, hazikupata ushahidi kwamba yanadhuru afya kuliko mazao ya kawaida.

Swali: Na mazingira?
Jibu: Wasiwasi wangu uko huko zaidi kuliko kwenye sahani. Dawa ya kuua magugu iitwayo glaifoseti imepigwa mfululizo kwenye mazao yanayoistahimili, sasa yapo magugu sugu. Viwavi nao wanazoea Bt, ndiyo maana mkulima huambiwa atenge eneo la mahindi ya kawaida: viwavi dhaifu wabaki hai, na wakishakuwa nondo wapandane na wale sugu, ili usugu usienee haraka.

Swali: Nasikia mbegu zake ukirudia kupanda hazioti.
Jibu: Zinaota. Teknolojia ya mbegu tasa ilipewa hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) Marekani mwaka 1998, lakini haikuingizwa sokoni. Kinachomzuia mkulima ni hataza na mikataba. Na mahindi chotara, hata yasiyo GMO, ukiyarudia mavuno hushuka.