Somo: Swichi ya siri ya pikipiki, na waya gani ukatwe

Swichi nyingi za siri zinazofungwa mitaani hazizuii wizi, kwa sababu zimewekwa kwenye waya wa ufunguo. Mwizi hahangaiki na ufunguo. Anavunja loki ya usukani, anaingiza mkono nyuma ya taa ya mbele, anachomoa soketi. Kwenye CDI (kisanduku kinachotoa umeme wa cheche ya plagi) ya AC, yaani pikipiki inayowaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa, ufunguo huzima injini kwa kugusisha waya wa CDI na bodi, yaani chuma cha pikipiki. Soketi ikichomoka, hakuna cha kuizima: kiki moja, ameondoka. Ya DC, inayotegemea betri, anaunganisha waya mbili tu.

Kata waya wa pulsa, ule mwembamba unaotoka upande wa sumaku (magneto, pembeni ya injini) kwenda CDI. Bila pulsa hakuna cheche, hata awe na ufunguo wako.

Andaa swichi ndogo ya miguu miwili yenye kofia ya mpira, waya mweusi mita moja na nusu, risasi ya kulehemu, mpira wa kusinyaa kwa joto na tai za plastiki.

1. Chomoa hasi ya betri. Toa siti na kava la pembeni mpaka uione CDI.

2. Tafuta pulsa. Kwenye nyingi za Kichina ni ya bluu yenye mstari mweupe, lakini usiamini rangi. Ufuate waya kwa kidole kuanzia kava la sumaku.

3. Kata sentimita 5 kabla ya soketi ya CDI. Gawa waya wako vipande viwili, kila ncha ipate kipande chake kinachoenda kwenye mguu mmoja wa swichi. Vika mpira kwanza, ulehemu, kisha usogeze mpira juu ya kiungo na kuupasha joto. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu hulegea kwa mtikisiko, injini ikazima katikati ya barabara mbele ya lori. Hapa usibane matumizi.

4. Pitisha waya mbali na waya wa plagi. Vikigusana, injini itakohoa kwenye mwendo.

5. Ficha swichi mahali goti la abiria halifiki na maji hayatuami.

6. Pima: rudisha hasi ya betri, washa ufunguo, toa plagi, ichomeke kwenye kofia yake, ilaze juu ya silinda hedi, piga kiki mara tano. Swichi ikiwa imezimwa, usione cheche hata moja.

MASWALI

Inamaliza betri?
Hapana, waya wa pulsa hauchukui umeme wa betri. Kinachoimaliza ni kifaa cha GPS cha kufuatilia, pikipiki ikilala wiki kadhaa bila kuwashwa.

Yangu ni ya injekta.
Mkuu, usiguse sensa. Kata chanya ya pampu ya mafuta, kwa swichi ya ampea 10. Itawaka sekunde chache kwa presha iliyobaki, halafu izime.

Wakiibeba kwenye Kirikuu je?
Swichi haisaidii hapo. Funga mnyororo wa pingili za milimita 10 au zaidi kwenye nguzo, upite ndani ya fremu. Usifunge tairi la mbele peke yake, maana ekseli hufunguka kwa spana. Mnyororo usiguse chini. Ukilala juu ya sakafu, nyundo inapata pa kuupondea.

Mvua ikinyesha inakosa moto, tangu nifunge.
Maji yameingia kwenye swichi. Badilisha, na safari hii miguu yake itazame chini.