Somo: Kumrudishia kasuku wa tunduni kazi aliyoiacha msituni

Ninaandika somo hili liwe jibu moja kwa wote wanaouliza kwa nini kasuku wao wa kijivu anajinyonyoa manyoya ya kifuani ilhali anakula vizuri na hana jeraha. Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno, na kuanzia leo kila atakayeliuliza nitamwelekeza hapa.

Kwanza tuyajue maisha yake ya asili. Huyu ni ndege wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, inayofika Kongo na Uganda na kuishia magharibi mwa Kenya, upande wa Kakamega. Wale wanaofugwa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat wote wameletwa. Msituni hulala kwa makundi makubwa juu ya miti mirefu, hutawanyika alfajiri kutafuta chikichi na mbegu, na mchana wake hupita katika kuruka, kumenya, kuitana na wenzake na kujihadhari na mwewe. Ni maisha yenye njaa na hatari, na ni kweli kwamba kasuku anayetunzwa vyema nyumbani anaweza kufikisha miaka 40 na zaidi. Lakini bakuli lililojaa humaliza kwa dakika chache kazi ambayo ingemchukua siku nzima, na saa zinazobaki, akiwa peke yake, ndizo anazozitumia kujinyonyoa.

Hatua ya 1. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo anayejua ndege, kwa sababu wadudu na maradhi nayo humfanya ajinyonyoe.

Hatua ya 2. Tundu liwe pana kiasi cha kumwezesha kukunjua mbawa zote mbili bila kugusa waya, na vitulio viwe matawi ya mpera yenye unene tofauti ili nyayo zisipate vidonda.

Hatua ya 3. Mtoe nje apate jua la asubuhi, huku upande mmoja wa tundu ukiwa na kivuli. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halimfai, kwa kuwa kioo huzuia miale inayomsaidia kutengeneza vitamini D, na kasuku wa kijivu ni mwepesi wa kupungukiwa na kalisi (kalsiamu, madini ya mifupa) hadi kushikwa na degedege.

Hatua ya 4. Badilisha chakula. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo nawaomba msome polepole. Mbegu za alizeti pekee zina mafuta mengi, kalisi kidogo na vitamini A kidogo, na ndege aliyelelewa kwa hizo kwa miaka mingi hatambui kwamba karoti au sukuma wiki ni chakula. Ukimwondolea alizeti ghafla ukidhani njaa itamfundisha, anaweza kukaa mbele ya bakuli lililojaa mboga huku akidhoofika, na kwa kuwa ndege huficha udhaifu wake ili adui asimwone, utashtuka amekwisha kulala sakafuni. Mpime kila asubuhi kabla hajala, kwa mizani ndogo ya jikoni. Mkubwa mwenye afya huwa kati ya gramu 400 na 500 hivi, na akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake wa kawaida, mrudishie chakula alichokizoea na umwone daktari. Changanya kidogo kidogo kwa majuma kadhaa: sukuma wiki, karoti, kiazi kitamu kilichochemshwa, papai, hindi bichi. Mchicha usizidi, kwa sababu una asidi inayoshika kalisi. Karanga zenye ukungu ni sumu. Parachichi ni sumu kwake hata kipande kidogo, na chokoleti vilevile.

Hatua ya 5. Mfiche chakula. Kisokote ndani ya maganda ya mahindi, kifunge kwa kamba ya katani, kichomeke kwenye matundu ya gogo. Mtazame anapopewa hindi bichi likiwa na maganda yake: hulishika kwa mguu mmoja, huchana ganda nyuzi kwa nyuzi, kisha huibandua punje, huibiringisha kwa ulimi hadi ngozi yake idondoke, na kumeza kiini tu. Kazi hiyo ndiyo dawa, kwa hiyo usimmenyee.

Hatua ya 6. Apate saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Asilale sebuleni penye televisheni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mgeni wa Pwani: Nitampata wapi kasuku kwa bei nafuu?

Jibu: Siuzi wala sielekezi. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotolewa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na Ghana imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya kasuku wake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bei nafuu kwa kawaida huwa na maana ya ndege aliyenaswa kwa ulimbo.

Baba Rukia: Nimepitia haraka. Kwa hiyo kesho nimpe sukuma wiki tu?

Jibu: Hapana. Rudi hatua ya nne uisome yote.

Mzee wa Bustani: Unatufanya tuonekane wakatili. Wangu ananiita kwa jina na ananipenda.

Jibu: Mzee wangu, sikumwita mtu mkatili. Anakuita kwa sababu wewe ndiwe kundi lake, na ndiyo maana ukishinda kazini kutwa nzima humwacha bila kundi. Hilo ndilo ninaloomba lizingatiwe.

Dada Neema: Nikimfungulia aende zake, si ndiyo haki?

Jibu: Dada, nia yako ni njema, lakini hajui chakula cha porini, hamjui mwewe, na anaweza kupeleka ugonjwa wa mdomo na manyoya kwa ndege wa huko. Ukiwa Kenya, wasiliana na KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Umiliki wake wenyewe unahitaji kibali.

Mwanafunzi wa Biolojia: Shikamoo mwalimu. Je, kasuku wa porini naye huiga sauti, au ni tabia ya tunduni tu?

Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti wa kasuku wa kijivu waliorekodiwa wakiwa huru nchini Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), na ndani ya sauti zao mlikuwa na miigo ya ndege wa jamii nyingine na hata ya popo. Kipaji hicho kimetoka msituni, ambako sauti humsaidia kuishi na wenzake. Tunduni hakuna wenzake, basi anaiga hodi, simu na kikohozi cha babu. Ukitaka kufuatilia, andika sauti anazotoa alfajiri na jioni, kwa sababu hizo ndizo nyakati ambazo kundi porini huitana zaidi, kisha tulinganishe.

Mama Zuhura: Naongeza jambo. Wangu wa kwanza alikufa jikoni nilipounguza kikaango cha kisasa, kile kisichoshika chakula.

Jibu: Pole sana, mama, na asante kwa kulisema. Kikaango hicho kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache, na binadamu aliye palepale asihisi kitu. Tundu lisikae jikoni kamwe; nitaliongeza kwenye hatua ya pili.