Theluji ya Juni: Kukagua Njia ya Mlimani Kabla ya Kupanda na Watoto

Mwezi Juni milima mirefu ya nusu ya kaskazini ya dunia hudanganya. Bondeni nyasi zimekolea na maua yamechanua, kumbe mita 800 juu yake njia bado imefukiwa. Kujua tu kwamba theluji ipo hakukusaidii sana. Unachotafuta ni iko sehemu gani ya njia, kwenye mteremko mkali kiasi gani, na mtafika hapo saa ngapi. Majibu yote yapimwe kwa mguu wa mtoto mdogo kuliko wote katika msafara.

Anza na ramani yenye mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Andika mwinuko wa sehemu ya juu kabisa, kisha weka alama kila mahali njia inapokata ubavu wa mlima au kupita upande unaotazama kaskazini. Upande huo hupata jua kidogo, kwa hiyo theluji yake inaweza kukaa wiki kadhaa baada ya upande wa kusini kukauka, hata kama mwinuko ni uleule. Programu nyingi za ramani hupaka rangi kuonyesha ukali wa mteremko. Washa kipengele hicho. Penye nyuzi 25 na kuendelea, theluji ikiwa ngumu, mtoto akiteleza ni vigumu asimame mwenyewe. Tazama basi kilichopo chini yake: uwanda wa theluji laini ni jambo moja, mawe au maji ni jambo lingine kabisa.

Baada ya ramani, fungua picha za setilaiti. Zile za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni za bure, hupigwa kila baada ya siku chache, na nukta moja ni mita 10 ardhini. Chagua siku isiyo na mawingu, kisha linganisha na picha ya wiki mbili zilizopita. Utaona mstari wa theluji unavyopanda. Kama mawingu yanakuchanganya, chagua rangi zinazotumia mawimbi ya infraredi: theluji hugeuka samawati, mawingu mengi yakibaki meupe. Kasoro yake kubwa ni msitu. Matawi huficha theluji iliyo chini, na mara nyingi ni humohumo msituni njia inapopotea.

Magharibi mwa Marekani kuna msaada zaidi: vituo vya SNOTEL vya Wizara ya Kilimo, vinavyopima theluji vyenyewe na kutuma takwimu kila siku. Wengi hutazama kina tu. Tazama pia kiasi cha maji kilichomo, yaani kina cha maji yatakayopatikana theluji yote ikiyeyuka. Theluji ya wakati huu imeshikamana, karibu nusu ya ujazo wake ni maji, kwa hiyo sentimita 50 za maji ni theluji ya mita 1 au zaidi kidogo. Siku za joto zinaweza kuyeyusha sentimita 2 hadi 5 za maji, maana yake theluji hiyo itahitaji kati ya siku 10 na 25 kuisha. Lakini angalia mwinuko wa kituo. Kikiwa chini ya kilele cha njia yenu, grafu yake inaweza kusoma sifuri huku mnakopita kumejaa.

Kisha piga simu ofisi ya hifadhi. Ukiuliza "njia ikoje?" utajibiwa "iko vizuri, ina theluji kidogo", na theluji kidogo ya askari wa hifadhi si theluji kidogo ya mtoto wa miaka 7. Uliza theluji isiyokatika inaanzia mwinuko gani, barabara ya kufikia mwanzo wa njia imefunguliwa au la, na madaraja ya vijito yamesimama au yamesombwa. Taarifa za wapandaji wengine zisome tarehe kwanza, halafu utafute walivaa nini miguuni. Aliyefunga meno ya chuma kwenye viatu huona mteremko mwepesi.

Siku tatu kabla ya kuondoka, fuatilia joto la usiku. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Utabiri wa nyuzi 10 usiku kwenye mita 1,500 ni kama nyuzi 3 au 4 kwenye mita 2,500. Usiku ukiganda, asubuhi theluji ni ngumu na inateleza, ikilainika kidogo inapitika, na mchana hugeuka uji. Usiku usipoganda kabisa, uji huanza mapema, na miteremko ya nyuzi 30 na zaidi inaweza kuporomoka. Anayezama kwanza ni mtu mzima aliyebeba mzigo. Mtoto hutembea juu tu. Wote lakini huzama kando ya mawe na mashina ya miti, ambako theluji imeyeyuka kwa chini na kuacha uwazi.

Mito hufuata saa hizohizo. Maji hujaa kuanzia alasiri hadi jioni na hupungua alfajiri, kwa hiyo panga kuvuka asubuhi. Daraja la theluji, yaani theluji iliyobaki juu ya kijito huku maji yakipita chini, likiwa limebonyea katikati, au ambalo chini yake unasikia maji, msilikanyage.

Kwenye theluji, hesabu kilomita 1 kwa saa mkiwa na watoto. Chagueni mkiwa bado nyumbani njia ya pili iliyo chini zaidi, na mkubaliane ni kitu gani kitawageuza: kwa mfano, theluji isiyokatika kabla ya kambi, au ubavu mmoja mkali wenye theluji ngumu. Kila mtoto awe na miwani ya jua na apakwe krimu hata chini ya kidevu, kwa sababu theluji hurudisha mwanga kutoka chini. Hifadhi ramani kwenye simu itakayofunguka bila mtandao, na usifuate nyayo bila kuzilinganisha nayo. Mara nyingi ni za mtu aliyepotea akarudi.