Kushusha gari chini bila kuumiza mgongo

Kwanza kabisa usikate springi jamani, ikishakatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gari likiruka, hiyo ni hatari. Nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa modeli ya gari lako, na shusha kidogo tu, milimita 25 mpaka 35 hivi inatosha kwa gari la kila siku, macho yataona tofauti na kiuno hakitalalamika.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea, wanaweka springi fupi juu ya shokapu za zamani. Springi fupi huwa ngumu zaidi kwa sababu nafasi ya kucheza imepungua, shokapu ya kawaida haiwezi kuituliza, so gari linadundadunda kila tuta na shokapu inakufa mapema. Nunua seti yenye vyote viwili vilivyopimwa pamoja. Ukienda kwa koilova (springi na shokapu zilizounganishwa kuwa kitu kimoja, urefu unarekebishika) tafuta yenye kurekebisha ulaini wa shokapu, na ile ambayo urefu unarekebishwa kwa sehemu ya chini ya shokapu bila kuibana springi ni nzuri zaidi maana shokapu inabaki na mwendo wake wote.

Angalia pia raba za kuzuia kugonga, zikigusa muda wote utahisi unakaa kwenye jiwe. Tairi nazo, rimu kubwa yenye tairi nyembamba inaua raha yote hata suspensheni ikiwa nzuri vipi. Ukimaliza kufunga, peleka wilo alaimenti (kunyoosha magurudumu), la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja.