Kuandika na kuzungumza kwa macho: kumwandalia OptiKey mtumiaji wa Kiswahili

Mtu aliyepooza mwili mzima baada ya kiharusi, au anayeugua ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, au aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, mara nyingi hubakiwa na macho yanayomtii. Macho hayo yanatosha kuandika barua, kufungua intaneti na kumwambia aliye pembeni: nigeuze, ubavu unauma. Programu ya kufanya hivyo ipo, na ni ya bure. Inaitwa OptiKey. Julius Sweetland aliitoa mwaka 2015, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Inafanya kazi kwenye Windows pekee.

Kisicho cha bure ni kifaa cha kufuatilia macho. Mitambo kamili inayouzwa kwa ajili ya walemavu hugharimu maelfu ya dola. Tobii Eye Tracker 5, kilichotengenezewa wacheza michezo ya kompyuta, huuzwa kwa mamia ya dola na OptiKey inakitambua. Ukipata Tobii 4C iliyotumika, nayo inafaa. Kama hata hiyo haipatikani, usiache kusoma. Kuna njia ya kamera ya kawaida hapo chini.

Unachohitaji

Kompyuta mpakato yenye Windows 10 au 11 ya biti 64, na tundu la USB lisilolegea. Kifaa cha macho. Meza ya kitandani au mkono wa chuma wa kushikilia skrini. Tepu ya fundi cherehani. Mito miwili mitatu migumu. Spika ndogo, kwa sababu spika za mpakato hazisikiki chumbani feni ikiwashwa.

Hatua ya 1: Mkao, kabla ya kuwasha chochote

Wengi wanaoshindwa hushindwa hapa, kisha wanailaumu programu. Kifaa kinarusha mwanga usioonekana na kusoma unavyorudi kutoka kwenye mboni. Kisipoziona mboni vizuri, hakuna mpangilio wa programu utakaokusaidia.

Pima kwa tepu kutoka kwenye jicho hadi kwenye kifaa: sentimita 60 hadi 65, karibu urefu wa mkono wa mtu mzima. Kifaa kinafanya kazi kati ya sentimita 45 na 95, lakini ukikaa ukingoni mwa kipimo, kichwa kikisogea kidogo tu macho yanapotea. Kifaa kinabandikwa chini ya skrini, katikati, na kisifunikwe na ukingo wa meza wala shuka.

Sura na skrini vitazamane sawasawa. Kama mtumiaji amelala chali nusu, skrini nayo ilazwe kwa pembe ileile. Kosa la kila siku ni kuacha skrini wima mezani huku mtu ameegemea mito: kifaa kinamwona kutoka chini na kope za juu zinafunika mboni. Kichwa kiegemezwe pande zote mbili, kwa sababu shingo ikichoka kichwa kinaanguka upande, na kila kitu kinapinda pamoja nacho.

Angalia pia haya:

- Jua. Mwanga wa jua una mionzi ileile ambayo kifaa hutumia. Dirisha likiwa nyuma ya mtumiaji au likimpiga usoni, kishale kitarukaruka. Vuta pazia, au geuza kitanda. Asubuhi panaweza kuwa pazuri na saa tisa alasiri pasifae kabisa, kwa hiyo jaribu saa zote ambazo atatumia.
- Miwani. Ifute kwanza. Ikiwa na mng'ao, iinamishe kidogo kwenye pua. Miwani yenye lenzi za sehemu mbili ndiyo inayosumbua zaidi.
- Wanja na maskara. Kope nyeusi tii zinaweza kusomwa kama mboni. Siku za shughuli, wapambaji wasimpake kitu machoni.
- Macho makavu. Anayekazia skrini hupepesa kidogo. Macho yakianza kuwasha, simamisha, na muulize daktari kuhusu matone.

Hatua ya 2: Kusakinisha

Chomeka kifaa kwenye USB ya kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio. Windows italeta programu ya Tobii Experience. Ikikataa, ichukue kutoka Microsoft Store. Kisha pakua OptiKey kutoka tovuti yake rasmi. Utakuta matoleo manne: Chat kwa mazungumzo tu, Mouse kwa kuendesha kishale, Symbol kwa wanaotumia picha badala ya herufi, na Pro yenye herufi na kishale pamoja. Anayejua kusoma mpe Pro. Asiyesoma mpe Symbol.

Hatua ya 3: Kulinganisha macho na skrini

Fungua Tobii Experience, tengeneza wasifu wenye jina la mtumiaji, umwache afuate nukta kwa macho. Wewe usisimame nyuma ya skrini wala usizungumze, maana atakutazama wewe. Usikubali wasifu uliopimwa kwa macho ya nduguye "kwa kujaribu tu". Kila jicho lina vipimo vyake, na wasifu wa mtu mwingine hupeleka kishale pembeni.

Ukimaliza, mwombe atazame pembe nne za skrini, kisha katikati. Katikati kukiwa sawa na pembeni kukiwa na hitilafu, kosa ni umbali au pembe ya skrini. Rudi hatua ya 1, usirudie vipimo mara kumi huku ukimchosha.

Hatua ya 4: Muda wa kukazia macho

Kabla ya kumkabidhi, ijaribu OptiKey wewe mwenyewe kwa kipanya. Bonyeza Alt na M, nenda "Pointing & Selecting", na chanzo cha nukta, yaani kinachoiambia programu unaelekeza wapi, ukiweke kwenye nafasi ya kipanya. Ukishaelewa, kibadilishe kiwe kifaa cha Tobii, na kichochezi cha kuchagua kiwe "Fixations", yaani kukazia macho. Kama mtumiaji ana kidole kimoja kinachotii, achague kwa kubonyeza kitufe halisi huku macho yakielekeza tu. Ni haraka zaidi na hakuchoshi.

Anayetumia macho peke yake ana tatizo moja kubwa: kila anachokitazama kinataka kubonyezwa. Akitazama kibonye, alama ya duara inaanza kujaa, na ikijaa, herufi imeandikwa. Kwa mgeni, anza na milisekunde 1,200. Sentensi "Naomba maji ya kunywa" ina herufi 18 na nafasi 3, vibonye 21. Hizo ni sekunde 25 za kukazia tu, bila muda wa kutafuta herufi. Ni polepole, na ndivyo inavyotakiwa iwe wiki ya kwanza. Akiandika sentensi hiyo mara tatu bila kukosea zaidi ya mara mbili, punguza milisekunde 100. Makosa yakizidi, rudisha. Usishindane na muda. Anayekosea kila neno atakataa mashine yote.

Jambo la kwanza la kumfundisha si herufi, ni kibonye cha kulaza. Akikitazama, vibonye vingine vyote vinatulia, naye anaweza kutazama skrini bila kuandika kitu. Mtu asiyejua kupumzisha macho yake mbele ya mashine hii anachoka ndani ya dakika kumi. Vipindi vya mwanzo viwe dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku.

Hatua ya 5: Kiswahili

Herufi zetu zote zimo kwenye kibodi ya Kiingereza, hata kistari cha juu cha ng'. Kasoro iko kwenye kamusi. Kamusi ya Kiingereza itapendekeza maneno ya Kiingereza, na uandishi wa kutelezesha macho juu ya herufi utageuza neno lako kuwa neno lingine kabisa. Uzime. Acha mapendekezo yawake, lakini yajaze maneno yako. Ukiandika neno geni, OptiKey huuliza kama uliongeze kwenye kamusi, kubali.

Kiswahili kinaunganisha mtendaji, wakati na kitendo katika neno moja, kwa hiyo kuongeza "geuza" hakumsaidii mtu anayehitaji "nigeuze". Ongeza maneno kama yanavyosemwa: naomba, nataka, sitaki, naumwa, nimechoka, nigeuze, niinue, nikune, nipepee, nifute, niache, ngoja, bado, asante. Kaa na mtumiaji, andikeni kama maneno 60 ya siku yake halisi, yakiwemo majina ya watoto, ya nesi, ya timu yake ya mpira na ya redio anayoipenda. Asiyewahi kutumia kibodi ya kompyuta apewe mpangilio wa alfabeti, a b c d, kwenye mipangilio ya maneno. Hana sababu ya kujifunza QWERTY, mpangilio wa kawaida wa kibodi, kwa macho.

Hatua ya 6: Sauti

Sauti ya Kiingereza ya Windows inaharibu maana. Ombi la kila saa la mtu asiyeweza kumeza ni "nifute mate". Sauti ya Kiingereza huliona "mate" kama neno la kwao na kusema "meiti". "Pole" inakuwa nguzo. Aliye jikoni hataelewa.

eSpeak ni programu ya bure yenye sauti ya Kiswahili. Unaposakinisha toleo lake la Windows linalotumia SAPI, mfumo wa Windows wa kusoma maandishi kwa sauti, kuna dirisha linalouliza lugha, andika sw. Kisha OptiKey, Alt na M, "Sounds", uchague sauti hiyo na upunguze kasi. Sauti ni ya kimashine, hilo ni kweli, lakini irabu zinatoka sawa na watu wa nyumbani huizoea. Isipoonekana kwenye orodha, sababu ya kawaida ni kwamba sauti ya biti 32 haionekani kwa programu ya biti 64, na kinyume chake.

Kama kifaa cha macho hakipo

Anayeweza kusogeza kichwa hata sentimita mbili hahitaji Tobii. Camera Mouse, iliyotoka Boston College, na eViacam ni programu za bure zinazotumia kamera ya kompyuta kufuata kichwa na kusogeza kishale. Washa mojawapo, kisha kwenye OptiKey acha chanzo cha nukta kiwe nafasi ya kipanya. Vibonye vitabonyezwa kwa kukaziwa kishale. Chumba hapa kinahitaji mwanga wa kutosha usoni, kinyume na Tobii inayofanya kazi hata gizani.

Mwenye simu ya Android, toleo la 9 kwenda mbele, ajaribu Look to Speak ya Google. Inagawa orodha ya sentensi kushoto na kulia. Mtumiaji anatazama upande wenye sentensi yake hadi ibaki moja, na kutazama juu ni kufuta. Sentensi zinabadilishwa, kwa hiyo ziandike kwa Kiswahili. Simu iwe imetulia kwenye stendi, chini kidogo ya macho. Ukiishika mkononi, mtetemeko wako unamkosesha.

Vinavyoharibika baadaye

Kishale kikianza kwenda pembeni baada ya wiki nzuri, usianze na programu. Angalia kama godoro limezama, kama mto umebadilishwa, kama mtu amefuta skrini na kukigusa kifaa. Windows ikijisasisha usiku, kifaa kinaweza kukosa kuonekana asubuhi: chomoa USB, hesabu kumi, chomeka tena.

Umeme ukikatika, betri itabeba kwa muda, kisha mtu anabaki bila sauti. Kwa hiyo tengeneza pia ubao wa plastiki angavu, ukubwa wa karatasi mbili za A4, wenye tundu katikati na makundi sita ya herufi pembezoni. Msaidizi anaushika kati ya nyuso mbili na kufuata macho: mtazamo wa kwanza unaonyesha kundi, wa pili herufi ndani ya kundi. Uning'inizwe kitandani, na kila anayeingia zamu aonyeshwe alama mbili za mtumiaji huyo: macho juu ni ndiyo, macho chini ni hapana.