Jinsi ya kuandika shajara ya nyumbani wakati vita viko mbali

Agosti 1939, vita vikibisha hodi Ulaya, shirika la utafiti la Mass-Observation nchini Uingereza liliwaomba watu wa kawaida waandike shajara za kila siku na kuzituma. Walioitikia walikaribia 500. Shajara hizo zimehifadhiwa mpaka leo chini ya Chuo Kikuu cha Sussex, na watafiti hawaziendei kutafuta ni mji gani ulishambuliwa lini. Hayo yamo kwenye kumbukumbu za kijeshi. Wanazifuata kwa mambo ambayo hakuna aliyejisumbua kuyaandika pengine: chakula kilipikwaje, jirani alisema nini, nani alikasirika redio ilipozimwa.

Hilo ndilo la kushika kabla ya kununua daftari. Unachokishuhudia wewe ni nyumba yako, na kile ambacho vita vya mbali vinakifanya ndani yake. Vita vyenyewe unavisikia tu. Shajara inayofaa huandika yote mawili, lakini haiyachanganyi.

Vifaa

Chukua daftari la A5 lililoshonwa kwa uzi, lenye kurasa 192 hivi. Kwa nusu ukurasa kwa siku, linatosha mwaka mzima na kubakiza kurasa chache. Daftari la waya humshawishi mtu kuchana kurasa alizojutia, na lililobandikwa kwa gundi peke yake huanza kumwaga karatasi mgongo ukishakunjwa mara nyingi.

Andika kwa penseli au kwa kalamu yenye wino usioyeyuka majini. Wino wa kalamu nyingi za jeli huchuruzika ukipata unyevu, na daftari linalokaa karibu na meza ya chakula litamwagikiwa siku moja. Penseli ya HB haipauki kwa mwanga wala haitoki kwa maji. Kasoro yake ni kwamba inafutika, kwa hiyo usiweke kifutio karibu.

Risiti usizibandike ukadhani umehifadhi kitu. Nyingi huchapwa kwenye karatasi inayoitikia joto, na maandishi yake hufifia hadi kutoweka, hasa zikikaa mahali penye joto au mwanga. Nakili tarakimu kwa mkono siku ileile. Vipande vya magazeti hugeuka manjano na kuchafua ukurasa unaogusana navyo, kwa hiyo piga fotokopi au viweke kwenye bahasha ya pembeni. Selotepu hukauka, huanguka na kuacha doa la kahawia. Pini za stepla hushika kutu. Kama ni lazima ubandike, tumia gundi isiyo na asidi, tone dogo kwenye pembe mbili za juu tu.

Kupanga ukurasa

Chora mstari wima sentimita 3 kutoka ukingo wa kushoto. Pambizo hiyo ni ya saa na chanzo cha habari. Nusu ukurasa wa A5 una mistari 12 hivi. Igawe hivi: 6 ya nyumbani, 3 ya habari za vita, 3 ya unachofikiri. Mpangilio huu una sababu. Ukianza na vita, nyumba haitapata nafasi. Vita hula ukurasa wote na mwandishi hugundua baada ya wiki mbili kwamba amekuwa akinakili vichwa vya habari.

Tarehe iandikwe kamili pamoja na mwaka. Kwa saa, chagua mfumo mmoja na uutaje kwenye ukurasa wa kwanza. Ukiandika "saa 3" bila neno lingine, msomaji wa baadaye anaweza kuielewa kama 09:00, 21:00, 03:00 au 15:00. Njia rahisi ni kutumia tarakimu nne za saa 24 kwa kila kitu, na kuongeza herufi UTC pale chanzo kinapotaja saa za kimataifa. Shambulio la saa 23:30 UTC huwa limeshaingia tarehe ya kesho kwa nchi nyingi, na hapo ndipo tukio moja huhesabiwa kwa kosa kuwa mawili.

Mistari ya nyumbani

Wengi huona haya kuandika kuhusu nguo zilizofuliwa huku watu wakifa kwingineko. Haya hiyo ikishinda, shajara imekwisha. Andika nguo.

Kinachotakiwa ni vipimo, si hali. "Maisha yamekuwa magumu" haimwambii mtu chochote baada ya miaka mitano. "Mafuta ya kula: kawaida lita 5 kwa mwezi, leo tumenunua 3" inamwambia mengi. Chagua bidhaa tano ambazo nyumba haiwezi kukosa, kwa mfano unga, mafuta ya kula, sabuni, mafuta ya taa au gesi, na nauli. Andika bei na kiasi chake siku moja maalumu kila wiki. Isiwe kila siku, maana utachoka. Taja ukubwa wa pakiti: wauzaji mara nyingi hupunguza gramu kabla ya kupandisha bei, na asiyeandika uzito hataona kitu.

Halafu usikimbilie kutaja vita kuwa ndiyo sababu. Wakati mwingine uhusiano uko wazi. Ukraine ilikuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya alizeti katika soko la dunia kabla ya uvamizi wa Februari 24, 2022. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi za meli zilianza kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, safari inayoongeza wiki moja au mbili na gharama ya mafuta. Lakini kodi, ukame na thamani ya fedha navyo hupandisha bei. Andika bei kwanza, sababu baadaye, na kama hujaisikia kwa mtu anayejua, weka alama ya kuuliza mbele yake.

Maneno ya watu ndiyo hazina ya sehemu hii. Yaandike kama yalivyosemwa, pamoja na utani. Mtu akisema jambo la chuki juu ya taifa zima, liandike pia. Shajara zilizosafishwa hazina thamani, na miaka ikipita wewe mwenyewe utataka kujua kama ulinyamaza au ulijibu.

Mistari ya habari

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kila habari ipewe vitu vitatu pambizoni: umeipata wapi, saa ngapi, na alama moja kati ya tatu. T kwa iliyothibitishwa, D kwa dai la upande mmoja, U kwa uvumi. Taarifa ya jeshi lolote kuhusu hasara ya adui ni D, hata kama jeshi hilo unalipenda.

Ili habari ipate T, itoke kwa vyanzo viwili visivyotegemeana. Magazeti matatu yenye habari moja si vyanzo vitatu kama yote yamenunua taarifa kutoka Reuters, AFP au AP. Soma mstari wa kwanza na wa mwisho wa habari. Jina la shirika la habari huwa hapo.

Takwimu za vifo ziandikwe na maelezo yake. Je, ni waliouawa pekee, au waliouawa na majeruhi pamoja? Ni raia, au na wapiganaji? Hesabu za Umoja wa Mataifa zinazoitwa "zilizothibitishwa" ni kiwango cha chini, yaani vifo ambavyo wachunguzi wameweza kuvihakiki kimoja kimoja. Ndiyo sababu huwa ndogo kuliko zile zinazotangazwa na wengine, na ndogo kuliko hali halisi. Vivyo hivyo, mtu aliyekimbia makazi yake lakini bado yumo nchini mwake ni mkimbizi wa ndani, naye huhesabiwa mbali na aliyevuka mpaka.

Picha na video zina taratibu zake. Video iliyokujia kwa WhatsApp ikiwa na mishale miwili imeshasambazwa mara tano au zaidi tangu ianze safari, na aliyekutumia hajui ilikotoka. WhatsApp hufuta taarifa za mahali na saa zilizofichwa ndani ya picha, kwa hiyo usihangaike kuzitafuta humo. Piga picha ya skrini ya fremu iliyo tulivu, kisha itafute kwa Google Lens au TinEye, zana za mtandaoni zinazoonyesha picha ileile imewahi kutokea wapi. Ikionekana kwenye ukurasa wa miaka mitatu iliyopita, kazi imekwisha. Video za usiku zinazotikisika, zisizo na sauti ya kueleweka wala mtu hata mmoja anayetembea, zitilie shaka: Novemba 2022 kampuni ya Bohemia Interactive ilibidi ieleze hadharani namna ya kutambua vipande vya mchezo wake wa kompyuta, Arma 3, vilivyokuwa vikisambazwa kama vita halisi. Ramani ya NASA iitwayo FIRMS huonyesha sehemu zenye moto duniani, na husaidia kujua kama kweli mahali fulani paliungua, ila setilaiti haitofautishi bomu na mkulima anayechoma shamba.

Kama huna muda wa yote haya, andika U na uendelee. Alama ya U haimdhalilishi mtu.

Muda

Soma habari mara mbili kwa siku, dakika 20 kila mara, kisha andika kwa dakika 15. Zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha kwenye simu, ili uchague mwenyewe utakachokiona. Utafiti uliofanywa Marekani baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013 uliwakuta watu waliotumia saa sita au zaidi kila siku kwenye habari za tukio hilo wakiwa na msongo mkubwa kuliko hata baadhi ya waliokuwepo pale. Kuandika kumalizike saa moja kabla ya kulala. Wanaoandika kitandani huishia kurudi kwenye simu "kuhakikisha jambo moja tu".

Mistari ya fikra

Mitatu inatosha. Anza na swali lililokusumbua, si hukumu uliyoifikia. Andika pia ulichotarajia kitokee: "nadhani mazungumzo yatavunjika kabla ya mwisho wa mwezi." Utabiri ulioandikwa na tarehe ndio unaomfundisha mtu ni wapi huwa anajidanganya, somo ambalo kumbukumbu ya kichwani haitoi kwa sababu hujirekebisha kimyakimya. Ukigundua ulikosea, usifute. Weka nyota pambizoni, na uandike masahihisho kwenye ukurasa wa siku hiyo mpya.

Watoto

Usimsomee mtoto mistari ya habari. Mtoto wa miaka minne au mitano akiona jengo lilelile likianguka mara sita kwenye runinga anaweza kudhani ni majengo sita. Muulize amesikia nini, andika jibu lake kama lilivyo, kisha sahihisha kile tu alichokielewa vibaya. Akichora, andika umri wake na tarehe nyuma ya mchoro kwa penseli laini bila kukandamiza, kwani kalamu ngumu huacha alama upande wa pili.

Ukiwa na ndugu huko

Tumia herufi za kwanza za majina badala ya majina kamili, na usiandike mtaa alipo wala njia anayotaka kupita. Daftari hupotea, na simu yenye picha za kurasa hukaguliwa vizuizini. Mawasiliano yakikatika, ofisi ya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu ya nchi uliyopo hupokea maombi ya kutafuta jamaa na, panapowezekana, hutuma ujumbe wa kifamilia. Ujumbe huo hauwi siri: ni karatasi ya wazi inayoweza kusomwa njiani na wenye mamlaka, na huruhusiwa kubeba habari za familia pekee. Sentensi moja ya siasa inatosha kuuzuia. Nakala yake iingie kwenye shajara pamoja na tarehe uliyoikabidhi.

Yanayoharibika

Wiki ya tatu ndiyo ngumu. Vita vinazoeleka, na aliyeanza kwa kurasa nne kwa siku anashindwa hata moja. Siku za uchovu andika mistari mitatu: mmoja wa nyumba, mmoja wa habari, mmoja wako. Ukiacha wiki nzima, usizijaze siku hizo kwa kukumbuka huku ukijifanya uliandika papo hapo. Andika "kuanzia tarehe fulani hadi fulani sikuandika", na sababu kama unaijua.

Tatizo la pili ni shajara kugeuka kesi mahakamani, kila ukurasa ushahidi dhidi ya upande mmoja. Hali hiyo ikianza, rudisha mistari ya habari iwe mitatu kweli, na uongeze ya nyumbani iwe minane kwa wiki moja.

Kuhifadhi

Piga picha kurasa za mwezi mzima kwa mkupuo, mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Weka nakala sehemu mbili, moja iwe nje ya nyumba. Daftari likae limelazwa, mbali na ukuta wenye unyevu na paa lenye joto. Ndani ya jalada andika kwa penseli: jina lako, mahali, tarehe ya kwanza na ya mwisho, maana ya T, D na U, mfumo wa saa uliotumia, na nani anaruhusiwa kulisoma na kuanzia mwaka gani. Maktaba au hifadhi ya nyaraka ikilipokea siku moja, sharti hilo la mwaka ndilo watakaloliuliza kwanza.