Kabla hujanunua chuma, uliza kinaongezeka kwa kilo ngapi

Nyuma ya nyumba yangu hapa Uyole, Mbeya, kuna banda la mabati lililokuwa la kuku. Siku hizi lina benchi moja, chuma kirefu kimoja, sahani zake za uzito, rundo la madumu na nguzo mbili za mlingoti, yaani mti wa mkaratusi. Jioni tatu kwa wiki, nikishafunga duka langu la pembejeo, tunafanya mazoezi humo mimi na wanawake wenzangu wa mtaani. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, na mimi ninunue kipi?" Mwenye kuuliza hutegemea nimtajie dambeli au mashine. Mimi namuuliza kwanza: ukishakizoea, utakiongeza vipi, na kwa kilo ngapi kila mara?

Mwili unapata nguvu ukidaiwa zaidi ya ulichozoea, ila zaidi kidogo tu. Mtu anayepandisha kilo 5 juu ya kichwa, ukimpa 10, umemwongezea mara mbili. Bega haliruki hivyo. Ndiyo maana jozi moja ya dambeli za rangi, hata ziwe nzuri namna gani, baada ya miezi michache utaikuta inazuilia mlango.

Kwa anayeanza, sijaona kinachoshinda dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu imekwisha. Mama yangu ana miaka 68, na mwaka jana alikuwa hainuki kwenye kigoda bila kushika ukuta. Tulianza na kuinuka na kukaa kwenye kiti, mikono mitupu, mara nane. Alipoizoea, nikampa dumu la lita 10 alikumbatie kifuani, ndani nimetia lita mbili tu. Kila baada ya wiki mbili naongeza lita. Dambeli ya uzito mmoja haipandi kwa upole huo.

Dumu nalo lina tabia yake. Likiwa nusu, maji yanacheza na kukuvuta pembeni. Kiuno kinafanya kazi ya ziada, jambo zuri kwa aliyezoea, gumu kwa mgeni. Mgeni mwekee mchanga mkavu, ambao lita yake ina takribani kilo moja na nusu au zaidi kidogo. Ukilowa unabadilika uzito, kwa hiyo funga kizibo na upime kwenye mizani, usikisie. Mshikio wa dumu la lita 20 unakata vidole. Uzungushie kipande cha kitenge.

Kupima nasisitiza kwa sababu kutopima kuliniumiza. Nilipoanza nilimimina zege kwenye makopo mawili ya rangi ya lita 4, nikachomeka bomba katikati, nikajiona nina dambeli. Mwezi mzima bega la kulia likawa linauma usiku. Siku moja nikayaweka makopo kwenye mizani ya duka: moja kilo 9, jingine karibu 11. Moja nililishindilia kokoto, jingine nililiacha na mapovu ndani. Zege linafaa, lakini lipime kabla halijakauka.

Ukifika mahali ambapo dumu la lita 20 unachuchumaa nalo mara kumi na mbili bila kuhema sana, hapo ndipo pesa iende kwenye chuma kirefu chenye sahani. Kile cha mashindano ya wanaume kina kilo 20 na urefu wa mita 2.2, cha wanawake kilo 15. Sahani ndogo za kilo 1.25 kila upande zinakupandisha kwa kilo mbili na nusu, nacho kitakufaa miaka na miaka. Ila nenda sokoni na futi. Ncha za chuma cha mashindano zina unene wa milimita 50, na vile vya kawaida vya nyumbani ni kama nusu yake. Sahani za huku hazivai kule, na muuzaji wa mtumba hatakwambia.

Usikubali fundi akukatie bomba la maji badala ya chuma hicho. La kwangu lilipinda mgongoni kwangu likiwa na kilo 50, na nashukuru nilikuwa kwenye kuchuchumaa, sikuwa nimelala kwenye benchi. Mwambie achukue chuma kisicho na uwazi ndani. Nondo ya milimita 25 haipindi kirahisi, kila mita ina karibu kilo 4, ila mikunjo yake inachubua viganja. Vika tyubu ya baiskeli pale unaposhika.

Kile chuma cha duara chenye mshikio juu kama birika ni kizuri, lakini mara nyingi kinaruka kwa kilo 4. Kisiwe cha kwanza. Mashine za jimu zinamfaa anayetoka kwenye jeraha, maana njia ya mkono imeshachorwa. Usilinganishe tu namba za mashine mbili, kwa kuwa kapi zake hazifanani.

Tyubu ya gari iliyokatwa vipande inasaidia kazi za kuvuta mgongo. Ikague kila mara. Yenye nyufa ikikatika inapiga uso. Kujivuta kwa mikono jengea nguzo za mlingoti. Msijiningʼinize kwenye mparachichi, tawi lake linakatika bila kulia.

Mwezi wa sita na wa saba, kwa baridi yetu hii, tembea au ruka kamba dakika kumi kabla ya kugusa uzito.

Mama sasa yuko lita saba. Juzi aliweka dumu chini, akasema, "Niongeze, mwanangu." Nikamimina nusu lita. Akaliinua, akalipima kwa mikono, akaniambia: "Ndaga (asante). Na ile nusu nyingine?"